Mkataba Usomwe na Wote Wawili

Habari zenu jamani, wakubwa zangu shikamooni. Nashukuru sana waandaaji kwa nafasi hii. Nimeombwa niongee na nyie mnaojiandaa kwenda nje kwa mikataba ya muda, madaktari, manesi, wakunga, watu wa maabara na mionzi, na hasa wale mnaoondoka mke na mume. Mimi ni mtu wa maabara, mke wangu ni daktari wa usingizi, na tulipoenda nje mkataba ulikuwa wa kwake, mimi nilienda kama mwenza wake. Kwa hiyo leo sitaongea sana na yule aliyepata kazi, huyo keshapongezwa na kila mtu, nataka niongee na yule anayemfuata, alafu aliyepata kazi asikilize.

Neno langu ni hili. Mkataba unakuja na jina la mtu mmoja ila karibu kila kipengele kilichomo kinamgusa mwenzake: visa, nyumba, bima, likizo, hata saa za zamu. Kwa hiyo usomwe na wote wawili, ukurasa kwa ukurasa, kabla kalamu haijagusa karatasi, na anayefuata awe na haki ya kusema hapa hapana, warudishie uwaulize. Najua inavyokuwa, mtu kashapata ofa, siku za kujibu zinaisha, ndugu wanashangilia, nani atakaa aanze kubishana na kipengele cha saba. Lakini nimeziona ndoa za watu waliopendana kweli kweli zikichoka huko nje, hakuna aliyemsaliti mwenzake, hakuna ugomvi wa pesa, ni kwamba mmoja anaamka kila siku anaenda mahali anapohitajika mpaka anachoka kuhitajika, na mwingine anaamka hana pa kwenda.

Niwape mfano wa watu ambao mkataba wao ulikuwa wa muda kama wa kwenu. Catherine Hamlin, Mwaustralia, na mumewe Reginald, mzaliwa wa New Zealand, wote madaktari wa uzazi. Mwaka 1958 waliona tangazo kwenye jarida la kitabibu la The Lancet, anatafutwa daktari wa kuanzisha shule ya wakunga Addis Ababa, wakaomba, na 1959 wakafika Ethiopia na mtoto wao mdogo kwa mkataba wa miaka mitatu. Pale wakaanza kukutana na wanawake wenye fistula, waliopata uchungu siku nyingi bila msaada, mtoto akafa tumboni, na wao wakabaki wanavuja mkojo na kufukuzwa majumbani. Wakajifunza ule upasuaji kwa kusoma na kuuliza waliotangulia, 1974 wakafungua hospitali ya fistula, Reginald akafariki 1993, na Catherine akaendelea mpaka alipofariki hukohuko Addis Ababa mwaka 2020 akiwa na miaka 96.

Watu wakisimulia habari hii wanasifia moyo wa kujitolea, na wana haki kabisa, ila mimi naangalia kitu kingine. Pale hakukuwa na msindikizaji. Wote wawili waliingia wodini, wote wawili walikuwa na wagonjwa wanaowaita kwa jina, na jioni wakikaa walikuwa wanaongea habari ambayo kila mmoja ameiona kwa macho yake. Sisemi kila mtu aoe daktari mwenzake, nasema mtu wa pili lazima awe na mahali pake pa kusimama, iwe kazi, iwe masomo, iwe kulea watoto kwa makubaliano ya wazi, na mahali hapo pajulikane kabla ya tiketi.

Sasa mtazameni Helene Bresslau. Wengi mnalijua jina la mumewe, Albert Schweitzer, aliyepewa Nobeli ya Amani ya mwaka 1952. Helene alisomea unesi akijua kabisa anajiandaa kwenda kufanya kazi na huyu mtu, wakaoana 1912, na 1913 wakafika Lambaréné, Gabon. Chumba chao cha kwanza cha kutibia wagonjwa kilikuwa banda la kuku la zamani. Yeye ndiye aliyekuwa anawapa wagonjwa usingizi, anaandaa vifaa, anafua na kuchemsha bandeji, kazi ambayo bila hiyo hakuna operesheni hata moja. Ikaja vita ya kwanza ya dunia, wao ni raia wa Ujerumani ndani ya koloni la Ufaransa, wakawekwa chini ya ulinzi, na 1917 wakasafirishwa Ufaransa kufungwa kambini. Walipoachiwa afya ya Helene ilikuwa imeharibika. Binti yao akazaliwa 1919, na Albert aliporudi Lambaréné 1924 Helene alibaki Ulaya na mtoto. Alienda tena baadaye, ila maisha yale ya kufanya kazi bega kwa bega aliyojiandalia miaka yote hayakurudi yalivyokuwa. Mimi nikisoma habari ya Helene naumia, nawaambia ukweli, kwa sababu alilipa sawa na mumewe, na ukiuliza watu ni nani aliyeanzisha hospitali ya Lambaréné utatajiwa jina moja tu.

Haya, twende kwenye makaratasi, maana ndipo wengi mnapokwama.

Visa kwanza. Msidhani nchi zinafanana. Marekani daktari anayeenda kwa visa ya J-1, ile ya mafunzo, mwenza wake anayepewa J-2 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi, lakini daktari huyohuyo akienda kwa H-1B, ile ya kazi ya kitaalamu, mwenza wake anayepewa H-4 kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi, labda kama mwenye H-1B keshafika mbali kwenye mchakato wa kupata ukazi wa kudumu. Yaani herufi moja na namba moja kwenye pasi ndiyo inaamua kama mwenzako atakuwa na kazi au atakaa. Alafu kuna jambo ambalo watu wa J-2 hawaambiwi: ile sharti ya daktari wa J-1 kurudi kwao miaka miwili baada ya mafunzo inamshika na mwenza pia. Uingereza daktari au nesi wa visa ya afya anaruhusiwa kuja na mwenza na mwenza anaweza kufanya kazi, ila tangu tarehe 11 Machi 2024 watu wa kazi za kulea wagonjwa na wazee, wenye visa ya jina hilohilo, walikatazwa kuja na familia wakiomba upya, na Julai 2025 kuomba kazi hizo kutoka nje kukafungwa kabisa. Visa jina moja, mmoja alikuja na mkewe, mwingine alimwacha. Kwa hiyo usiulize rafiki yako alifanyaje miaka ile, soma sheria ya mwaka unaoondoka wewe.

Na mwenza akiwa naye ni mtu wa afya, asidhani kibali cha kazi kinatosha. Kibali ni cha uhamiaji, leseni ni ya bodi ya taaluma, na hao wawili hawaongei. Vyeti vyako vitatakiwa kuthibitishwa moja kwa moja na chuo ulichosoma, nchi nyingi za Ghuba wanapitisha kwa DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, madaktari wengi wanapitia mfumo wa kuhakiki vyeti wa EPIC, na hapo chuo chako kikikaa na barua kwenye droo basi na wewe umekaa. Anzeni wote siku moja. Msiseme tumalizie za mwenye kazi kwanza alafu za mwingine tutaanza tukifika, mkifika mtakuta kila kitu kinataka mhuri wa kwenu na nyie mko mbali.

Dada zangu hapa mnisikilize vizuri. Kama vyeti vyako vya chuo vina jina la baba na pasi ina jina la mume, cheti cha ndoa ndiyo daraja pekee kati ya hao watu wawili, na kule ofisini wanawaona ni watu wawili kweli. Kisafirishe cheti cha ndoa kama unavyosafirisha digrii. Kiwe kimethibitishwa, kama nchi zote mbili ziko kwenye mkataba wa Hague wa 1961 mtapata ule muhuri wa apostili mara moja inatosha, kama haziko basi ni kuzunguka wizarani na ubalozini, na hiyo inachukua muda. Namjua dada mmoja nesi alikaa nje anasubiri leseni kwa sababu herufi moja ya jina la katikati haifanani kwenye karatasi mbili, na mumewe yuko kazini anaingia zamu mbili kwa uhaba wa manesi hao hao.

Mimi mwenyewe nilipitia hilo la kusubiri. Hospitali iliyompokea mke wangu ilitupa nyumba ndani ya uzio, usiku nikiwa kitandani nasikia simu yake inaita, anavaa viatu gizani, mlango unafungwa, alafu nasikia hatua zake kwenye kokoto mpaka zinaisha. Na mimi najua kabisa kule maabara usiku kuna mtu mmoja tu, na mama anayetoka damu anahitaji kupangiwa damu haraka, yaani kupimiwa damu ya kuongezwa inayolingana na yake, na mimi kazi hiyo naijua, nimeifanya miaka, niko mwendo wa dakika chache na siruhusiwi hata kushika pipeti. Niliomba nijitolee bila malipo, nikaambiwa hapana, kwa visa ile hata kujitolea kunahesabika ni kazi na wangetufukuza wote. Hilo pia muulize mapema, msije mkajiingiza kwenye makosa kwa moyo mzuri.

Kwa hiyo nikafanya kilichokuwa ndani ya uwezo wangu, nikajifunza lugha. Nilikaa na watu, nikasikiliza, nikauliza, kila siku. Alafu usiku mke wangu akirudi namfundisha. Kumbukeni yeye ni mtu wa usingizi, mgonjwa wake ana dakika chache tu za kuongea naye kabla hajalala, na majibu ya dakika zile ndiyo yanayoamua mambo. Umekula saa ngapi mara ya mwisho? Maji je? Maana chakula kinatakiwa kiwe kimepita masaa sita na maji matupu masaa mawili, vinginevyo kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kuna jino linalotikisika? Kuna dawa iliyowahi kukuwasha mwili au kukuvimbisha uso? Tulikuwa tunakaa pembeni ya kitanda, mimi najifanya mgonjwa, yeye anauliza kwa lugha ya wenyeji, namrekebisha, anarudia. Na nikamfundisha kitu ambacho mkalimani wa haraka haraka hawezi kukuambia, kwamba watu wa pale wakimheshimu mtu wanamwitikia ndiyo kwa kila kitu, kwa hiyo asiulize hujala eti, aulize umekula nini na jua lilikuwa wapi. Baada ya muda akaanza kuniambia leo mmoja ameniambia ukweli, amekunywa uji alfajiri, tukaisogeza mbele operesheni yake. Mwili wangu wote ulifurahi siku ile. Kibali cha kazi na leseni yangu vilikuja baadaye na nikaingia maabara, lakini kazi yangu ya kwanza katika nchi ile ilikuwa ile ya pembeni ya kitanda na ninaihesabu.

Sasa jambo ambalo kwenye semina huwa linasemwa kwa mtumishi tu na mwenza anasahaulika kabisa. Kuchomwa sindano. Mke wangu alichomwa, usiku, kazi imemzidi, mgonjwa ana virusi vya ukimwi. Hatari ya kuambukizwa kwa mchomo mmoja wa sindano yenye damu ni kama asilimia 0.3, ni ndogo, ila saa ile asilimia haikupi usingizi. Dawa za PEP, zile za kuzuia virusi visishike baada ya kuchomwa, zianze haraka iwezekanavyo, masaa machache ya mwanzo ni bora zaidi, na zisipite masaa 72, alafu zinamezwa siku 28. Hapo wote mnajua. Lakini nani anamwambia mwenza kwamba naye yumo? Kuanzia usiku ule mpaka vipimo vya mwisho vitoke safi ni kondomu, kama kuna mtoto ananyonya ni mazungumzo mengine na daktari, kama mlikuwa mnatafuta mtoto mnasubiri. Na dawa zina kichefuchefu, mtu anakosa hamu ya kula, analala vibaya, anaogopa na hataki kusema anaogopa. Mwenza anapaswa kuelezwa yote haya na mtu wa hospitali, wakae watatu. Sisi hatukuelezwa hivyo, tulikaa wawili na kuyapanga wenyewe kwa vile bahati nzuri wote ni wa fani. Vipimo vilikuja safi, namshukuru Mungu.

Kwa hiyo kwenye yale maswali mnayoiandikia hospitali kabla ya kusaini, wekeni hili: dawa za PEP zinakaa wapi saa tisa usiku na funguo anayo nani. Mkijibiwa kwamba mtaelekezwa mkifika, beba za kwenu kwa utaratibu wa daktari. Na chanjo ya homa ya ini B kamilisheni wote wawili, dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, hesabuni wenyewe ni lini mlitakiwa kuanza. Kama mnaenda penye malaria na mnapanga ujauzito kaeni na daktari mapema maana kati ya dawa za kuzuia malaria, doksisaiklini haifai kwa mjamzito, na meflokwini ina maonyo ya kuvuruga akili na usingizi kwa baadhi ya watu. Dawa anayotumia jirani yako kambini siyo lazima iwe ya kwako.

Nirudi kidogo kwenye ndoa yenyewe. Kuna ukimya ambao kazi hii inauleta ndani ya nyumba. Siri ya mgonjwa ni siri, hata kwa mume, na mji mdogo wenye hospitali moja hata ukificha jina mtu atajua ni nani. Mke wangu alirudi alfajiri moja, mama amefia mezani, akakaa kwenye kiti na viatu vyake vya theatre miguuni, akakaa hivyo mpaka jua limeingia ndani. Mimi nilitaka kuuliza. Tulichokuja kukubaliana baadaye ni kwamba yeye atasema leo imekuwa mbaya, au leo imekuwa mbaya sana, na mimi sitauliza ni nani wala nini, nitachemsha maji ya kuoga na nitazima simu zote isipokuwa ile ya zamu, na akitaka kuongea habari ya hofu yake mwenyewe, hiyo ni yake, haina siri ya mtu, aiongee mpaka iishe. Kila wawili watengeneze namna yao, ila tengenezeni mkiwa wazima, mkisubiri alfajiri kama ile hamtaweza.

Likizo. Ichukueni! Nasema kwa nguvu kwa sababu watu wetu wa afya wakienda nje wanahesabu kila senti na wanauza likizo yote, wanarudi wamechoka na hawajaona chochote zaidi ya hospitali na kitanda. Likizo ya kwanza msiisogeze mbele, ichukueni mapema kabla uchovu haujajenga nyumba ndani yenu, na iwe mbali kiasi kwamba mkipigiwa simu hamuwezi kurudi jioni. Sisi tulipanda basi bila mpango mkubwa, tukashuka pale macho yalipopapenda, na ilinichukua siku kadhaa kumuona mke wangu akiwa mtu tena, anacheka, anabishana na mimi habari ya ramani.

Kabla ya kuvuka mpaka angalieni hivi. Visa ni ya kuingia mara moja au mara nyingi? Wako waliotoka likizo na kibali cha kuingia mara moja wakakwama nje huku zamu inamsubiri. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, usichanjwe jana ukasafiri leo, na habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, ukiambiwa kimeisha baada ya miaka kumi waelekeze kwa heshima. Dawa zenu binafsi zenye kodeini au tramadol msizibebe kienyeji, Falme za Kiarabu kwa mfano zinataka kibali kabla hujaingia nazo hata kama ni za mgongo wako mwenyewe, na udaktari haukupi msamaha.

Alafu hili la njiani. Kwenye basi lile abiria mmoja alianguka na mtu aliyekaa nyuma yetu alikuwa ameshasikia kwamba mke wangu ni daktari, basi zima likageuka kumtazama. Leseni yake ilikuwa imefungwa kwenye hospitali moja, nje ya ile geti kisheria yeye ni abiria. Alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyejifunza huduma ya kwanza angefanya, akafungua njia ya hewa, akamlaza ubavu, akasimamia pumzi, akamwambia dereva asisimame mpaka kituo cha afya. Mtu mmoja akaleta sindano na kichupa kutoka kwenye begi lake, mke wangu akakataa, kwa upole lakini akakataa, na mimi nikasimama kati yake na watu waliokuwa wanapiga kelele kwamba amchome tu. Hapo nilikuwa na kazi. Yule mtu alifika kituoni akiwa anajua jina lake. Ulizeni sheria ya nchi mnayoenda inasemaje kuhusu kusaidia barabarani, nchi nyingine inakulinda, nyingine inakulazimisha usaidie, nyingine imenyamaza.

Bima niseme haraka ila msiipite haraka. Mikataba mingi inasema mtumishi akiugua vibaya ataletewa ndege ya kumhamisha. Mtumishi! Mwenza je? Mtoto je? Pateni jibu la maandishi. Na muulize pia, mkataba ukikatishwa katikati, au mwenye kazi akifariki, aliyebaki ana siku ngapi za kuwa kihalali ndani ya nchi ile na nani analipa tiketi, kwa sababu visa yake inategemea ya mwenzake na ikikatika ya kwanza ya pili inafuata. Najua ni mazungumzo mazito, watu wanaogopa kujitabiria mabaya. Fanyeni tu.

Na je, kila mara ni lazima kwenda wawili? Hapana, na hapa nina msimamo. Kazi ya miezi mitatu minne, kwenye vita au mlipuko wa ugonjwa, nenda peke yako. MSF, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, waliopewa Nobeli ya Amani 1999, kwa kawaida anayeenda mara ya kwanza hapewi nafasi ya kwenda na familia, na wana sababu, mtu anayewaza mkewe yuko wapi saa hizi mabomu yanaanguka hawezi kushona mshipa. Cuba wamekuwa wakipeleka madaktari nje tangu brigedi ya Algeria ya mwaka 1963, na wengi wamekuwa wakiacha familia nyumbani, na hapo ndipo sikubaliani, kwa sababu kukaa miaka miwili mbali na mwenzako ni kitu tofauti kabisa na miezi mitatu. Kwa upande mwingine Mercy Ships, iliyoanzishwa 1978 na mke na mume, Don na Deyon Stephens, wana familia zinazoishi ndani ya meli ya hospitali na shule ya watoto humohumo. Inawezekana mkitaka iwezekane. Kwangu mimi kitu kikifika mwaka na kuendelea, nendeni wote au kikataeni wote, na kukataa ofa siyo dhambi.

La mwisho ni kuondoka, maana mkataba wa muda una tarehe ya mwisho na tarehe hiyo inakuja upesi. Pale Addis Ababa kulikuwa na msichana, Mamitu Gashe, aliletwa kama mgonjwa wa fistula, akatibiwa, akabaki akisaidia wodini, akafundishwa na kina Hamlin mpaka akawa mpasuaji wa fistula anayefundisha madaktari waliosoma vyuo vikubwa. Ndiyo maana miezi yenu ya mwisho msiifanye ya kufungasha. Mke wangu alitumia zamu zake za mwisho kusimama nyuma ya nesi wa usingizi wa pale, mikono mgongoni, anaacha yeye afanye. Mimi maabara nikaandika kwa lugha ya pale hatua za kupanga damu, nikazibandika ukutani juu ya benchi, na nikakaa na yule kijana wa usiku mpaka nikaona hazitazami tena.

Na makaratasi ya kutokea mchukue mkiwa bado mpo, kila mmoja ya kwake. Barua ya bodi ya kule inayothibitisha huna kesi ya kitaaluma, ombeni karibu na kuondoka kwa sababu haikai muda mrefu, GMC, baraza la madaktari la Uingereza, kwa mfano wanataka iwe haijazidi miezi mitatu. Barua ya kazi ya aliyekuwa na mkataba. Na barua ya yule mwenza, aliyefundisha, aliyetafsiri, aliyesoma, aliyelea, iandikwe na iwe na muhuri, maana akirudi nyumbani ataulizwa miaka ile kwenye CV alikuwa anafanya nini, na jibu lake ni refu sana. Mimi ya kwangu niliomba mara mbili ndipo nikapewa, na ninayo hapa kwenye faili, baadaye mnaotaka kuona ilivyoandikwa mje mpige picha. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza, nadhani muda wa maswali upo, tuanze na nyie mlioko nyuma.